Miaka Minne na Vidole Vitatu

Siku mtoto wa muuza mkaa alipokatwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto, mgeni, binti aliyekuja mtaani kunyoosha miguu ya watoto kwa plasta, alirudi nyumbani alikopanga saa kumi na moja jioni na hakuvua viatu mlangoni kama ilivyokuwa kawaida yake. Alipita moja kwa moja hadi mezani, akaweka kifurushi cha gazeti. Mke wa fundi viatu alikuwa anachambua maharage. Akadhani ni nyama.

"Leo umetuletea kitoweo, mwanangu?"

"Mama, Baba yuko wapi?"

"Yuko bandani anagombana na kiatu cha watu. Kwani kuna nini? Mbona umepauka hivyo?"

Mgeni alikwenda mwenyewe kumwita. Fundi akaingia na harufu yake ya gundi, misumari miwili midogo imebanwa midomoni. Aliitemea kiganjani, akatazama mezani. Mgeni alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, vimekatwa kwa unadhifu, kila kimoja kina fundo dogo lililozama ndani ya mpira. Lilikuwa fundo la mshona viatu, lile linalozidi kukaza kila likivutwa. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyelijua.

"Baba, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu," akasema fundi bila kusita. "Nilimfungia muuza mkaa tyubu juu ya plasta ya mtoto isilowe. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa na mtu. Nikamwambia, hapa hata gharika haipiti. Wala sikumtoza kitu."

"Vidole ulivifungia ndani."

"Si visilowe?"

Mgeni akaketi. Mkwe wa nyumba, aliyekuwa ananyonyesha kwenye mkeka, akamtoa mtoto titi bila kujua anafanya nini.

Wote wanne waliijua kazi ile. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekeana, mgeni humkanda mguu polepole, kisha huuzungushia bandeji yenye plasta mbichi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe. Wiki inayofuata huivunja, akaunyoosha mguu kidogo tena, akafunga upya. Mara sita au saba, na mguu hunyooka. Baada ya hapo mtoto huvalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, avivae akilala mpaka afike miaka minne. Viatu hivyo alivitengeneza fundi, ndiyo maana mgeni akapanga kwake. Na sharti lilikuwa moja, nalo aliliimba kila Jumatatu, siku ya kliniki: vidole vibaki nje, vionekane. Vikivimba, mama aje mbio.

Mtoto wa muuza mkaa alilia siku tatu mfululizo. Mama yake aliambiwa na kila mtu kwamba watoto wote hulia plasta ikiwa mpya. Akasubiri Jumatatu. Mgeni alipoukata ule mpira, vidole vilikuwa vyeusi kama mkaa anaouza mama yake.

"Kesho asubuhi twende pamoja," mgeni akasema. "Tukamwambie sisi wenyewe."

"Twende hata sasa hivi," fundi akasema.

"Hapana," akasema mkewe.

Wakamgeukia. Alikuwa bado ameshika kiganja cha maharage.

"Keshokutwa Ijumaa mratibu wenu anakuja na fomu. Mkisema kesho, kesho hiyohiyo mtaa utawaka moto. Ofisi yenu itasikia, watakuja kukuchukua kabla hujashika kalamu. Halafu huyu?" Akaonyesha mtoto mkekani, mwenye plasta mbili nyeupe zilizofika mapajani. "Amefungwa mara nne tu. Abaki na miguu ya nusu njia? Tia saini kwanza. Jumamosi twende wote, na mimi nitapiga magoti."

Mgeni alikuwa amemaliza mwaka wake wa kujitolea, na Ijumaa angetia saini ya miaka minne mingine, bila mshahara, chumba na chakula tu. Alipowaambia mara ya kwanza mke wa fundi alicheka hadi akashika mbavu. "Miaka minne bure? Hata punda analipwa majani!" Mgeni akajibu, "Mimi nalipwa maharage yako, Mama." "Basi unapunjwa, mwanangu." Lakini wote walijua sababu. Kabla yake alikuja mwingine, kijana waliyemwita Ndevu, akafunga watoto plasta miezi minane, akawapungia mkono, akaondoka. Miguu ikarudi ilikotoka kama ng'ombe aliyezoea zizi. Mgeni alipofika, akina mama walimwambia mbele ya benchi la kliniki: kama humalizi, usianze. Naye akaahidi atamaliza.

Sasa aliangalia plasta mbili za mtoto, akaangalia tyubu.

"Siku tatu," akasema. "Jumamosi, Mama. Sitazidisha."

Mke wa fundi akavikunja vipande vile ndani ya gazeti, akavisukuma jikoni chini ya sufuria. Harufu ya mpira ikajaa nyumba nzima, ikaingia hadi kwenye maharage. Walikula hivyohivyo, na hakuna aliyesema kitu juu ya ladha.

* * *

Alhamisi saa nane mchana muuza mkaa aliteremka kutoka hospitali, mtoto mgongoni, mguu umeviringwa mpaka ukafanana na bonge la pamba. Alipita buchani kwa kaka yake. Kaka akauliza nani alimfunga mtoto plasta. Dada akajibu: mgeni. Hakuulizwa swali la pili. Mwenye bucha alivua aproni yake, akaitundika kwenye ndoana pamoja na nyama, akachukua mpini wa shoka.

Mke wa fundi alikuwa uani anaanika nguo. Alisikia kelele kwanza, akadhani wamekamata mwizi, akaenda kuchungulia. Geti lao lilikuwa la mabati. Akaona mgeni anakuja anakimbia, kiatu kimoja mguuni, mkoba wa plasta unampiga kiunoni. Nyuma yake barabara ilikuwa imejaa watu.

Mkono wake ulifunga komeo kabla akili haijaulizwa.

"Mama!" Mabati yakalia. "Mama, fungua! Ni mimi!"

Fundi akatoka bandani mbio, aproni ya ngozi kifuani. Mkewe alimrukia, akamkumbatia kiuno kwa mikono yote miwili, akavutwa naye hatua tatu, visigino vinachimba vumbi.

"Niache! Wanamuua mtoto wa watu!"

"Ukitoka watakuua wewe!"

"Mpira ni wangu, mwanamke! Ni wangu!"

"Nyamaza! Yeye ana kwao! Atapanda gari atakwenda kwao! Sisi tutakwenda wapi?"

Mabati yakanyamaza. Mgeni aliacha kugonga. Mke wa fundi alijua kwamba sauti yake ilikuwa imepita upande wa pili, nzima, bila kupungua neno.

Kisha vipigo vikaanza. Palikuwa na tundu la msumari kwenye bati, usawa wa jicho, na jicho lake lilikuwa hapo, mikono bado kiunoni mwa mumewe, ingawa hakumbuki kulipeleka. Muuza mkaa ndiye aliyetupa wa kwanza, nusu tofali. Lilimpata mgeni juu ya sikio. Alipoinua mkono kujikinga, mpini wa shoka ukashuka juu ya mkono, ukatoa sauti ya ukuni mkavu. Alianguka. Wakamzunguka. Wengine walimpiga mateke, wengine walivua ndala wakamchapa nazo usoni. Mwanamume ambaye Jumatatu alikuwa amempakata binti yake kwenye benchi la kliniki alimkanyaga mgongoni kwa kisigino mara mbili, kama anayezima moto. Mkoba ulipasuka, unga wa plasta ukaruka, na wote wakawa weupe, wapigaji na mpigwa, na damu ilipotoka ikafanya matope ya rangi ya waridi.

"Mkateni na yeye vidole!"

"Mwambieni avirudishe! Vidole vya watoto wetu anavipeleka wapi?"

"Kumbe tunafuga nyoka, tunamlisha!"

Mkwe alimlaza mtoto mkekani. Alikuwa msichana asiyezoea kusema mbele ya mama mkwe wake, hata chumvi ikizidi alikula kimya. Alikwenda getini, akavuta komeo, akafungua wazi.

"Baba," akasema, "nenda."

Fundi alijinasua. Alipita katikati ya miguu ya watu kwa magoti na viganja, akamlalia mgeni juu kama anayefunika moto wa jiko usipeperushwe. Mateke mawili yakampata mbavuni kabla hawajamtambua.

"Ni mimi!" alikuwa anapiga kelele. "Ni mimi! Yeye aliacha vidole wazi! Mimi nikafunga tyubu juu yake!"

Mwenye bucha alishusha mpini. "Hebu rudia, mzee."

"Nilimfungia mtoto tyubu. Mvua isiingie. Muulize dada yako."

Wote wakamtazama muuza mkaa. Alikuwa amesimama na kipande kingine cha tofali, mtoto analia mgongoni.

"Ulisema hata gharika haipiti," akasema polepole, kama anayekumbuka ndoto.

"Nilisema."

"Nikapita hapa kesho yake nikakuambia analia. Ukasema kulia ndiyo kazi ya watoto."

"Nilisema hivyo."

"Uongo!" mtu akaropoka nyuma. "Anamkingia mpangaji wake! Hiyo tyubu iko wapi? Atuonyeshe!"

"Eeh, iko wapi?" wakaitikia wengine, na mpini ukainuka tena.

Fundi aligeuza uso, shavu lake liko juu ya nywele za mgeni zilizolowa. Alimtafuta mkewe. Alikuwa amesimama getini, mkono kwenye komeo.

"Waambie," akasema.

Mke wa fundi alimtazama mume aliyeishi naye miaka ishirini na saba. Alimtazama binti wa watu chini yake, jicho moja limefumba, la pili linamwangalia yeye, halimwombi kitu. Akijibu hajui, watammaliza yule. Akijibu kweli, watamgeukia huyu. Alitamani mtu mwingine aseme lolote, ampunguzie.

"Niliichoma," akasema. "Jana. Ni kweli, fundo lilikuwa lake. Niliichoma jikoni."

Basi wakamgeukia fundi. Walimwinua kwa kola, wakampeleka hadi bandani kwake. Mwenye bucha akakitazama kile chuma cha miguu mitatu ambacho viatu hugongewa juu yake.

"Ulifunga kwa mkono upi?"

"Yote miwili," fundi akasema. "Fundo lile halifungwi kwa mkono mmoja."

Wakamlaza kiganja cha kulia juu ya chuma. Nyundo ilikuwa yake mwenyewe. Alipiga ukelele mmoja tu, mwembamba, kama wa mbuzi. Wakaweka wa kushoto. Mwenye bucha alipoinua nyundo, muuza mkaa alimshika kifundo cha mkono, na watu wakadhani amemwonea huruma mzee. Akaichukua nyundo, akapiga mwenyewe. Halafu akaketi chini kwenye vipande vya ngozi, akatapika.

Ndipo watu wakaanza kutazamana. Mmoja akakumbuka ameacha duka wazi. Mwingine aliokota kiatu chake kilichokuwa kwenye matengenezo, akawa anatafuta cha pili huku fundi anaugulia miguuni pake. "Samahani mzee," akasema, akakiona, akaondoka navyo.

Askari wawili walifika palipokuwa pameshatulia. Waliandika, wakamchukua mwenye bucha.

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi mratibu alikuja na gari jeupe. Mgeni alikuwa ameketi kitandani kwake, kichwa kina nyuzi kumi na moja, mkono wa kulia umefungwa plasta. Fundi alikuwa bado hospitali.

"Pole sana," mratibu akasema. "Ofisi imeshaamua. Panda gari, mizigo tutaituma."

"Fomu unayo?"

"Fomu ya nini tena?"

"Ya miaka minne."

"Binti, umejitazama kwenye kioo?"

"Jicho moja halifunguki. Lete, nitasoma kwa lingine."

Mratibu aliketi kwenye kigoda. "Na plasta utafunga kwa mkono gani?"

"Huyu ana miwili." Mgeni alimwonyesha mkwe aliyekuwa anamshikia kikombe cha chai. "Ameniangalia mara nne nikimfunga mwanawe. Mimi nitasema, yeye atafanya."

"Mimi?" mkwe akashtuka. "Dada, mimi hata cheti sina."

"Na mimi mkono sina. Tutachangiana."

"Hawa wamekupiga," mratibu akasema, sasa kwa upole. "Kwa nini uwatumikie?"

Midomo ya mgeni ilikuwa imevimba, maneno yalitoka moja moja. "Nina watoto arobaini na mmoja. Nikiondoka, miguu yao itarudi kama ilivyokuwa. Halafu watasema walikuwa na haki ya kunipiga."

"Siwezi kuandika kwamba unakaa nyumba hii."

"Usiandike. Sikai nyumba hii."

Mke wa fundi, aliyekuwa mlangoni, akaingia na kupiga magoti sakafuni. Ile ahadi ya Jumamosi aliitimiza siku moja kabla.

"Mwanangu, usituhame. Nitakuosha, nitakulisha. Nilisema vile kwa hofu."

"Najua, Mama."

"Ulisikia?"

"Mabati ni membamba." Aliangalia ukuta. "Watu husema kweli wakiwa na hofu. Na mimi nilikubali tusubiri Jumamosi, nikaacha yule mama alale na hasira bila kujua. Hilo ni langu, sikutwishi wewe. Lakini siwezi kulala tena nyuma ya geti lile."

"Na mjukuu wangu?"

"Jumatatu mlete. Kama wengine."

Akatia saini kwa mkono wa kushoto, herufi zikaenda upogo hadi nje ya mstari. Mratibu akaikunja fomu bila kuitazama.

Nje palikuwa na mkokoteni. Muuza mkaa ndiye aliyekuwa ameushika, mtoto mgongoni, macho yake chini.

"Hospitali wamesema kidonda kioshwe asubuhi na jioni," akasema, akiuambia udongo. "Nauli ya kwenda na kurudi kila siku sina. Nyuma ya stoo yangu kuna chumba; kaa humo, umwoshe wewe."

"Kina mlango?" mgeni akauliza.

"Kinao. Komeo liko ndani, utajifungia mwenyewe. Msamaha sijaja kukuomba. Sijafika huko."

"Hata mimi sijafika," akasema mgeni, na kumsogezea begi kwa mguu.

Mke wa fundi alisimama uani mpaka mlio wa magurudumu ukapotea. Hakuna aliyemuaga. Mkwe alikuwa amebeba godoro la mgeni, akifuata nyuma.

* * *

Fundi alirudi Jumapili, mikono yote miwili ndani ya bandeji. Mkewe alimlisha uji kwa kijiko, akampuliza, akamfuta kidevu.

"Nilikukabidhi kwao," akasema, bila kumwangalia.

"Ulisema kweli."

"Nilikukabidhi kwao."

"Kosa lako ulichelewa tu," fundi akasema, akafungua kinywa apewe kijiko kingine.

Jumatatu mke wa fundi akambeba mjukuu hadi kliniki. Kwa mwaka mzima alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, mama mwenye nyumba wa daktari, kama alivyopenda kujiita kwa utani, huku wengine wamepanga foleni juani. Alisukuma mlango uleule. Ndani, mkwe wake alikuwa amejifunga aproni, viganja vyeupe, akizungusha bandeji kwenye mguu wa mtoto. Mgeni amesimama nyuma yake na mkono mbovu shingoni: "Legeza. Legeza tena. Hapo."

Mgeni akainua uso. "Foleni inaanzia nje, Mama."

Akatoka. Akaketi mwisho wa benchi. Wanawake walisogea, si kumpa nafasi, bali kuacha nafasi. Yule mwanamume wa kisigino alikuwepo pia, binti yake mapajani, anatazama viatu vyake. Kumbe wote wamekuja, akawaza mke wa fundi. Hakuna aliyebaki nyumbani kwa aibu. Aibu haimnyooshi mtoto mguu.

Zamu yake ilifika saa sita. Mgeni alisema, mkwe alifunga, mtoto alilia, plasta ikakauka. Hakuna aliyetamka neno lisilohusu mguu.

Lakini kwenye mlango wa kutokea palikuwa na kiti, na kwenye kiti aliketi muuza mkaa. Hiyo ilikuwa sheria mpya. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuondoka kabla yeye hajavibonyeza vidole vyake kimoja kimoja, kuona kama vinageuka vyeupe kisha vinarudi vyekundu. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amelala sakafuni kando yake, bonge la pamba mguuni. Aliyekuja na plastiki, kitambaa au kamba, aliivua hapo hapo.

Mke wa fundi alisimama mbele yake. Mikono ile ilikuwa imelala mapajani, masizi yameingia kwenye mistari ya viganja, na aliifahamu sana. Alikuwa ameisikia ikishuka na nyundo.

"Mlete," akasema muuza mkaa.

Alimkumbatia mjukuu akahisi moyo wa mtoto unapiga kifuani kwake, au ulikuwa wake. Hata mgeni, ndani, alikuwa amegeuka kutazama.

Akamgeuza mtoto, akaitoa miguu miwili mbele.

Muuza mkaa hakuharakisha. Alishika kidole gumba cha kwanza, akabonyeza, akaachia, akasubiri. Kisha cha pili. Alivimaliza vya mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, na alipofika kwenye vile vitatu vya mwisho akakawia zaidi, kucha yake nyeusi imetulia juu ya ngozi.

Damu ikarudi.

"Viko sawa," akasema muuza mkaa, macho yake yameshapita, yako kwenye foleni. "Anayefuata."